Barua ya Wazi Kuhusu Mazoea ya Kushika Bunduki Mkoani Dodoma

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mji wa Serikali, Mtumba;
Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania pamoja na Msajili wa Silaha;
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma na Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, wenyeviti wa kamati za ulinzi na usalama;
Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA);
Wakurugenzi wa kampuni binafsi za ulinzi.

YAH: KUZUIA AJALI ZA BUNDUKI KWA KUFUNDISHA NA KUKAGUA MAZOEA YA KUZISHIKA

Ndugu Viongozi,

Naomba mhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkufunzi mstaafu wa Jeshi la Akiba, yaani mgambo, wilayani Mpwapwa. Vijana niliowafundisha kushika silaha wametawanyika katika mkoa mzima: wapo walinzi wa benki na vituo vya mafuta jijini Dodoma, wapo askari wa wanyamapori wa vijiji upande wa Kondoa na Chemba, na wapo waliorudi mashambani, ambako bunduki iliyopo nyumbani ni gobore lililoachwa na babu. Ninawaandikia kwa ajili yao, na kwa ajili ya watu wanaoishi nao nyumba moja, wanaopanga foleni mbele yao na wanaopalilia shamba la jirani.

Barua hii haihusu ujambazi wala ujangili, kwani hayo yana sheria zake na watu wake wa kuyashughulikia. Inamhusu raia mwema ambaye bunduki yake inamjeruhi mwenzake wa zamu, mkewe, mwanawe au yeye mwenyewe, bila mtu yeyote kukusudia. Katika miaka yangu ya kazi nimewasikiliza watu wengi waliofikwa na jambo hilo, na karibu kila mara habari yao imekuwa moja: bunduki haikufyatuka wakati wa kulenga shabaha wala wakati wa kupambana na mhalifu, ilifyatuka ilipokuwa ikikabidhiwa, ikisafishwa, ikiegemezwa ukutani, ikipandishwa kwenye pikipiki au ikivutwa kutoka chini ya godoro. Ninachowaomba ni kwamba usimamizi wa silaha katika mkoa wetu uanze kuzitazama nyakati hizo.

Tangu Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, benki, maduka makubwa, vituo vya mafuta na ofisi zenye kulindwa zimeongezeka kwa kasi ambayo kila mkazi ameiona. Kila lindo la namna hiyo lina mlinzi, na walinzi wengi wana bunduki. Asubuhi moja katikati ya jiji nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kutolea fedha wakati walinzi wawili wa kampuni ambayo sitaitaja walipokuwa wakipokezana zamu. Aliyekesha alimkabidhi mwenzake shotigani huku mtutu ukipita usawa wa matumbo yetu sote tuliokuwa tumesimama pale, akiwamo mama mwenye mtoto mgongoni. Mwenzake aliuliza kama imo risasi, naye akajibiwa, "Haina kitu hiyo." Akaipokea, akaiegemeza ukutani, akaanza kufunga mkanda wake. Hakuna aliyeifungua kutazama. Hakuna aliyeumia pia, na kwa sababu hiyo tukio lile halikuandikwa popote, na ninaamini limeendelea kutokea kila asubuhi na kila jioni tangu siku ile.

Maneno "haina kitu" nimeyasikia kwa watu wengi waliompiga mwenzao risasi. Wote walikuwa wanasema kweli kama walivyoijua. Mwenye bastola amechomoa magazini, yaani kasha la risasi, akaamini kwamba kazi imekwisha, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, yaani tundu lililo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, na kwa bastola nyingi risasi hiyo hufyatuka hata kama magazini iko mezani. Mwingine ameanza kwa kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ili risasi ya chemba itoke, kisha ndipo akachomoa magazini. Kwa kukosea mpangilio huo tu, bastola imejipakia risasi nyingine palepale, naye hana habari. Utaratibu ulio sahihi ni mfupi: elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, ondoa kwanza chanzo cha risasi, vuta nyuma ili iliyomo chemba iruke, tazama ndani kwa macho, kisha, hasa usiku, ingiza kidole uhakikishe kwamba pale pana uwazi. Anayepokea naye arudie yote mwenyewe, hata kama ameona mwenzake akifanya. Akikabidhiwa bunduki ambayo chemba yake haijafunguliwa na kuambiwa ni tupu, awe na haki ya kukataa kuipokea, na haki hiyo iandikwe katika mkataba wake wa kazi ili asionekane mkaidi.

Ziko kanuni nne ambazo wapigaji wengi duniani wanazifahamu kwa namna zilivyopangwa na Jeff Cooper, ofisa mstaafu wa jeshi la Marekani aliyefungua shule ya kupiga bastola huko Arizona mwaka 1976 na kufariki mwaka 2006. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa. Mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho hukusudii kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yamekwisha kulenga na moyo umekwisha kuamua. Na kabla ya kupiga, mpigaji ajue kwa hakika anapiga nini na nyuma ya kitu hicho kuna nini. Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba zinashikana mikono: mtu akisahau moja, nyingine bado inamlinda. Aliyesahau kukagua chemba, lakini mtutu wake umeelekea ardhini, atatoboa ardhi. Ili binadamu apigwe, kwa kawaida inabidi kanuni mbili au zaidi zivunjwe kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalonipa imani kwamba ajali hizi zinazuilika.

Kuhusu kidole nitaongeza neno, kwa sababu wanafunzi wangu wengi waliona ni jambo dogo. Mkono wa binadamu hujikunja wenyewe mtu anaposhtuka, anapoteleza au anapovuta kitu kwa nguvu kwa mkono wa pili. Mlinzi anayejikwaa ngazini huku kidole kikiwa kwenye kifyatulio hatapata nafasi ya kuamua chochote, kwa kuwa vidole vitakaza kabla ya akili kufika. Kidole kilichonyooshwa pembeni mwa bunduki, juu ya kifyatulio, kikijikunja kitabana chuma kisichofanya lolote. Kizuizi cha usalama kina kazi yake, lakini ni chuma kinachochakaa, na nimeona bunduki za malindo ambazo kizuizi chake kimelegea mpaka kinasogezwa na nguo.

Kwa malindo yote yenye bunduki naomba kitu kimoja ambacho gharama yake haifiki bei ya bunduki yenyewe: pipa la mchanga. Pipa la chuma la lita 200 linajazwa mchanga, linalazwa kwa mshazari na kufungwa vizuri lisiyumbe, kisha mfuniko wake unatobolewa tundu la kutosha mdomo wa mtutu kuingia. Mlinzi anapotaka kutoa risasi au kukabidhi bunduki, anaingiza mtutu kwenye tundu hilo na kufanya ukaguzi wote mtutu ukiwa humo. Ikitokea amekosea, risasi inazikwa mchangani. Majeshi mengi hutumia kifaa cha namna hii kwenye milango ya kambi na kwenye maghala ya silaha, na mchanga kwetu Dodoma hauna uhaba, makorongo yamejaa. Pipa likae nyuma ya jengo, mbali na foleni ya wateja, na mkuu wa lindo asaini kitabu kwamba makabidhiano yamefanyika hapo. Jeshi la Polisi, mnapokagua kampuni za ulinzi, ulizeni pipa liko wapi, kisha mwambieni mlinzi aliye zamu atoe risasi mbele yenu. Kwa dakika moja mtajua kama kampuni ile inafundisha watu wake.

Tazameni pia namna walinzi wanavyopelekwa kazini. Mlinzi anapakiwa kwenye bodaboda, bunduki imelala mapajani, mtutu umeelekea magari ya upande wa kulia, na barabara ina matuta. Bunduki isafirishwe ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake, risasi zikiwa kwenye pochi iliyofungwa. Zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili, ambazo katika kampuni nyingi ndiyo kawaida, humfikisha mtu alfajiri akiwa amesinzia na bunduki imesimama katikati ya magoti, kidevu kikiwa juu ya mtutu. Wakurugenzi, mkimwona mlinzi wenu amekaa hivyo msianze kwa kumkata mshahara. Tazameni kwanza ratiba mliyompangia.

Sasa nije vijijini, ambako naona hatari ni kubwa zaidi na mafunzo ni haba zaidi. Gobore ni silaha ngumu kuliko shotigani ya mlinzi kwa sababu haifunguki. Baruti inamiminwa kupitia mdomo wa mtutu, inafuatiwa na matambara na gololi, kisha vyote vinashindiliwa kwa mdeki, yaani ufito mrefu unaoingia ndani ya mtutu. Likishajazwa hakuna chemba ya kuchungulia wala magazini ya kuchomoa, na njia ya haraka ya kuliondolea mzigo wake ni kulifyatua. Mkulima aliyekesha akilinda shamba dhidi ya nguruwe pori bila kupiga hata mara moja hurudi nyumbani asubuhi na gobore lililojaa. Baruti ni ghali, na hataki kuipoteza. Anaondoa fataki, yaani kile kidude kidogo kinachogongwa ili kuwasha baruti, au anasahau kuiondoa, analitundika kwenye boriti za tembe au analisimamisha nyuma ya mlango, na linakaa hivyo mpaka msimu mwingine. Wakati huo mwenyewe amesahau kama amelijaza, au amefariki, na anayelichukua ni kijana wake.

Kwa hiyo mwenye gobore anahitaji mazoea yake mahususi, na mazoea hayo yanafundishika. Mdeki utiwe alama mbili za kudumu kwa kisu au kwa msumari wa moto: moja ikionyesha unapofika mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umejazwa. Kwa kuutumbukiza mdeki na kutazama alama, huku uso na kifua vikiwa pembeni mwa mdomo wa mtutu na fataki ikiwa imeondolewa, mtu yeyote anajua hali ya gobore bila kubahatisha. Alama hizo zinazuia pia kujaza mara mbili, kosa linalopasua mitutu: gobore halikuwaka, mwenyewe akadhani limekwisha kupigwa, akamimina baruti nyingine juu ya ile ya kwanza. Gobore lisipowaka lielekezwe mahali salama na kusubiriwa bila kuguswa kwa angalau dakika moja, na mbili ni bora, kwa sababu baruti iliyopata unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Baruti ipimwe kwanza kwenye kipimo kidogo kabla ya kumiminwa. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa, huku mtutu ukiwa na kaa lililobaki baada ya mlio uliotangulia, ameshika chombo kinachoweza kulipuka mkononi mwake. Pasiwepo moto, sigara wala kibatari karibu.

Mwenye gobore asiingie nyumbani nalo likiwa limejaa. Hilo ningependa liwe amri ya kila kijiji, lakini amri bila mahali pa kuitekelezea haifai kitu. Serikali ya kijiji itenge sehemu moja nje ya makazi, yenye tuta nene la udongo au kichuguu kikubwa na isiyo na mawe, ambapo wenye leseni watafyatulia mzigo uliobaki kwa saa zinazojulikana ili mlio usiwatishe watu. Asiyetaka kufyatua afundishwe kuilowesha baruti kwa maji kupitia mtutu na kuuvuta mzigo kwa skrubu iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki. Inachukua muda, na baruti inapotea. Najua mkulima atalalamika kuhusu hasara hiyo, na malalamiko yake ni ya haki. Halmashauri zilizo jirani na mapori ya akiba, kama Swagaswaga na Mkungunero, zitazame namna ya kumsaidia kulinda mazao bila kumwachia gobore na usiku peke yake.

Msisahau magobore yaliyotengenezwa kienyeji kwa bomba la maji au rodi ya usukani wa gari. Chuma hicho hakikutengenezwa kuhimili baruti, na kikipasuka huanza na mkono ulioshika mtutu na uso ulio nyuma yake. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kipindi cha msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki kinyume cha sheria. Ulikuwa uamuzi mwema. Naomba mlango huo usiwe wa miezi michache tu, kwa sababu familia nyingi hugundua gobore la marehemu siku ya kugawa vitu vyake, na siku hiyo haingoji tangazo. Mjane anayekuta silaha ndani ya nyumba aweze kumwita mtendaji wa kijiji bila hofu ya kulala mahabusu.

Jambo la mashambani linalonisumbua zaidi ni kupiga kitu kisichoonekana. Miezi ya kuelekea mavuno mtama unakuwa mrefu kuliko mtu, na usiku kinachoonekana kutoka kwenye dungu ni majani yanayotikisika. Mlinzi wa shamba anasikia mkoromo, anaona majani yakienda upande mmoja, anapiga. Mara nyingine aliyekuwa humo ni jirani anayemtafuta mbuzi wake, au mtu aliyetoka kujisaidia. Kanuni ni kwamba mnyama aonekane mwenyewe, kichwa na mwili, ndipo bunduki inyanyuliwe. Sauti, kivuli, macho yanayong'aa kwenye tochi na majani yanayotikisika havitoshi hata vikiungana. Mashamba yanayopakana yakubaliane mapema nani analinda usiku gani na amekaa upande upi, na kila anayeingia shambani gizani aite kwa sauti. Kupanda dunguni na gobore mkononi nako kuachwe: fataki iondolewe, gobore lifungwe kamba, mwenye shamba apande kwanza, kisha alivute juu kwa kitako, mtutu ukielekea chini na pasiwe na mtu chini yake.

Kosa la namna hii halichagui elimu wala cheo. Tarehe 11 Februari 2006 Dick Cheney, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda ndege jamii ya kware huko Texas. Aligeuka kumfuata ndege aliyekuwa akiruka, akafyatua, na chembe za risasi zikampata usoni, shingoni na kifuani mwenzake wa msafara, mwanasheria Harry Whittington, mzee wa miaka 78. Mzee huyo alipona. Bunduki ilikuwa nzuri, mwindaji alikuwa mzoefu, na walinzi walikuwapo. Kilichokosekana ni kujua nyuma ya ndege kuna nani. Wanaowinda kanga na kware kwetu, wakitembea wawili watatu kwa safu, wanafanya jambo lile lile bila kuwa na hospitali karibu.

Ardhi yetu nayo ina hatari yake. Dodoma ni nchi ya majabali, na risasi ikipiga jabali kwa mshazari haikai, inadunda na kwenda isikotazamiwa. Hata risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huidharau, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na risasi ya raifo huenda mbali zaidi ya hapo. Anayepiga kuelekea kwenye mwinuko wa mawe, au anayepiga hewani kwa furaha ya harusi au mwaka mpya, hajui risasi yake imeishia kwenye paa la nani.

Nikija ndani ya nyumba, naomba nianze na jambo ambalo sisi wazazi hatupendi kulisikia. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa kiume 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Waliwaacha katika vikundi vidogo ndani ya chumba kilichofichwa bastola halisi isiyo na uwezo wa kufyatua risasi, na wakawatazama kupitia kioo. Watoto 48 waliiona, 30 wakaishika, na 16 wakavuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wamewahi kupewa mafunzo ya namna fulani kuhusu usalama wa bunduki. Kumwonya mtoto ni wajibu, lakini onyo halitoshi kuwa kufuli. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba katika nyumba zenye watoto na vijana, kila moja ya desturi nne iliendana na hatari iliyo ndogo zaidi ya vijana hao kujiua au kujeruhiwa kwa ajali: bunduki kufungiwa, bunduki kuwekwa tupu, risasi kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki.

Nimeingia katika nyumba nyingi za watu wenye leseni. Bunduki huwa chini ya godoro, juu ya kabati au darini, na baba husema kwa uhakika kwamba watoto hawapajui. Mtoto anayefagia chumba na kutandika kitanda anapajua. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kutengeneza sanduku refu la chuma la kufungwa ukutani kwa nati kutoka ndani, na aliye na uwezo wa kumiliki bastola ana uwezo wa sanduku hilo. Mwenye gobore asiye na fedha hizo apitishe mnyororo nyuma ya kifyatulio, aufunge kwenye nguzo ya nyumba kwa kufuli, na aweke baruti na fataki kwenye kasha jingine lenye ufunguo wake, mbali na jiko. Funguo zikae mwilini mwa mwenyewe.

Ndugu Viongozi, sina haja ya kuomba sheria mpya. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, imewapa mamlaka ya kutoa leseni, kukagua na kunyang'anya. Maombi ya leseni hupita katika kamati zinazomjua mwombaji na kuchunguza tabia yake, na hilo ni jema. Zoezi la uhakiki wa silaha la mwaka 2016, ambalo hata Rais John Magufuli alijitokeza silaha zake zihakikiwe, lilionyesha kwamba nchi nzima inaweza kuitikia mkiamua. Uhakiki ule ulitazama leseni na namba za bunduki. Unaofuata utazame mikono. Kama vile mwombaji wa leseni ya udereva anavyowekwa nyuma ya usukani, mwenye bunduki awekwe mbele ya mkaguzi na bunduki yake mwenyewe, aitoe risasi, aikabidhi, aipokee, aeleze anaihifadhi wapi, na leseni isihuishwe mpaka afanye hayo bila kuelekeza mtutu kwa mtu. Asiyejua asifukuzwe, afundishwe siku hiyo hiyo na kupimwa tena.

Jambo jingine ni takwimu. Majeruhi wa bunduki kutoka Chemba, Kondoa au Mpwapwa husafirishwa umbali mrefu kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wapo wasiofika kabisa kwa kuwa silaha iliyowajeruhi haina leseni na wanaogopa maswali yanayoambatana na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Wanajifunga vitambaa, wanapakwa dawa za kienyeji, na mkono unaoza. Naomba muwatangazie wananchi wazi, kwenye mikutano ya vijiji na redio za mkoa, kwamba majeruhi atatibiwa kwanza na maswali yatafuata. Hospitali zetu nazo ziandike kwa kila majeruhi namna ajali ilivyotokea: ni kukabidhiana, kusafisha, kubeba, kuhifadhi au kudhania mtu ni mnyama. Kampuni za ulinzi ziandike pia risasi zilizofyatuka bila kukusudia hata kama hazikumpata mtu, na mlinzi aliyetoa taarifa mwenyewe asipoteze kazi kwa sababu ya kusema. Kwa taarifa hizo Mkuu wa Mkoa atajua mwakani aweke nguvu wapi.

Kazi ya kufundisha ina watu tayari. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, anayewafahamu wakufunzi waliopo na sisi tuliostaafu. TAWA ina maofisa wanaofika vijijini kufundisha namna ya kufukuza tembo kwa tochi, kelele na pilipili, nao wanaweza kuongeza saa moja ya gobore katika mkutano ule ule. Katika mafunzo ya mgambo yenyewe, ambako saa nyingi zinakwenda kwenye kwata, usomaji wa ramani na ujanja wa porini, pawe na siku nzima ya kutoa risasi, kukabidhi na kuhifadhi, kila kijana akirudia mpaka mikono yake ifanye bila kuambiwa.

Ninapendekeza kazi ianze katika vijiji vya Chemba, Kondoa na Mpwapwa baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi, ili ifikapo Desemba, mvua zikianza, kila kijiji chenye magobore yaliyosajiliwa kiwe kimetenga tuta lake la udongo na kila mdeki uwe umetiwa alama. Kwa malindo ya jijini, mapipa yanaweza kuwekwa ndani ya mwezi mmoja tangu siku mtakapotoa agizo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkufunzi mstaafu wa mgambo,
Mpwapwa, Dodoma.